Uzi: Malaria kali kwa watoto. Maabara wamesema "wadudu wawili tu", mbona mtoto hajitambui?

#1
TabibuWodini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Suala hili nimekuwa nikilijibu vipande vipande kwenye nyuzi za watu, leo nimeamua kulifungulia uzi wake ili tulijadili kwa nafasi. Nafanya kazi wodi ya watoto huku Kanda ya Ziwa, na kila mvua zikikolea wazazi wananiuliza swali lile lile: "Daktari, kule maabara wamesema ana wadudu wawili tu. Sasa mbona hajitambui?"

Wadudu wanaoonekana kwenye slaidi siyo wanaomuumiza. Wanaomuumiza wamejificha. Ukilielewa hilo utaelewa kwa nini mtoto aliyekuwa anacheza jana jioni leo mchana yuko kwenye oksijeni, na kwa nini sisi wa wodini tunahesabu saa na wala siyo siku.

Malaria inayoua watoto wetu, karibu yote, inaletwa na kimelea kinachoitwa Plasmodium falciparum. Mbu jike wa Anopheles akimuuma mtoto usiku anamwingizia vimelea vichache sana, mara nyingi havifiki mia. Vinakwenda kwenye ini na kukaa humo kama wiki moja. Muda huo wote mtoto anakula na kucheza, hana hata joto. Lakini kila seli ya ini iliyoingiliwa ikija kupasuka inamwaga makumi ya maelfu ya vimelea kwenye damu. Kila kimoja kinatafuta chembe nyekundu ya damu, kinaingia, kinakula hemoglobini iliyomo, kinajigawa, na baada ya saa 48 hivi chembe inapasuka na kutoa vimelea vipya, mara nyingi 16 au zaidi. Vingi vinakufa kabla ya kupata chembe nyingine, lakini kwa mtoto asiye na kinga idadi inaweza kuongezeka mara kumi kila baada ya siku mbili. Fanyeni hesabu wenyewe mtoto akikaa nyumbani siku nne na Panadol.

Falciparum ina tabia ambayo malaria nyingine hazinayo kwa kiwango hicho. Katika nusu ya kwanza ya zile saa 48, chembe yenye kimelea kichanga inazunguka mwilini kama kawaida. Kimelea kikianza kukomaa, chembe inaota vinundu juu yake, na kwenye vinundu hivyo kimelea kinatokeza protini iitwayo PfEMP1. Protini hii inashika ukuta wa ndani wa mishipa midogo ya damu. Chembe inang'ang'ania pale kama kupe kwenye ngozi ya ng'ombe na haibanduki mpaka ipasuke. Kimelea kinafanya hivyo kwa sababu ya bandama. Bandama inachuja damu, na chembe iliyokakamaa ikipita humo inaondolewa. Kimelea kilichoshika ukuta hakifiki kwenye bandama.

Sasa mtaalamu wa maabara anatoboa kidole. Tone lile lina vimelea vichanga vinavyozunguka. Vilivyokomaa vimeganda kwenye mishipa midogo ya ubongo, utumbo, figo na mapafu, na hakuna sindano ya kidoleni inayovifikia. Ndiyo maana slaidi inaweza kusoma wadudu wachache wakati mwili umejaa. Kinyume chake pia kipo: mtoto mkubwa aliyekwishaugua malaria mara nyingi anaweza kuwa na vimelea vingi kwenye slaidi na bado akaenda shule kwa miguu yake.

Nitaendelea na ubongo, pumzi na damu. Karibuni kwa maswali.

#2
mama_Neema

Asante sana daktari. Nina swali moja. Huku kwetu mtoto akipata degedege wazee wanakataa kabisa asichomwe sindano, wanasema akichomwa anakufa hapo hapo. Wanamfukizia kinyesi cha tembo kwanza, wengine wanampaka mafuta na dawa za majani, hospitali baadaye. Nawaheshimu wazee wangu, lakini naogopa. Degedege ni malaria au ni kitu kingine?

#3
TabibuWodini

Dada yangu, umeuliza swali la msingi kuliko yote.

Wazee hawakulitunga tu jambo hilo. Miaka ambayo hospitali ilikuwa mwendo wa siku nzima, mtoto alifika akiwa amekwisha, akachomwa sindano, akafa. Mtu aliyeshuhudia hivyo mara mbili tatu angefikiri nini? Kilichomuua ni saa zilizopita kabla ya sindano. Hivyo ndivyo ninavyozungumza na bibi anapomleta mjukuu wodini, na wengi wananielewa, kwa sababu sianzi kwa kumwambia kwamba hajui kitu.

Degedege ni mtukutiko wa mwili unaotokana na ubongo kusumbuka. Unaweza kuletwa na joto kali peke yake, na mtoto wa namna hiyo akitulia anaamka baada ya muda mfupi na kumtambua mama yake. Unaweza pia kuletwa na malaria iliyofika kwenye ubongo, sukari iliyoshuka, au homa ya uti wa mgongo. Kwa macho tu huwezi kuzitofautisha ukiwa nyumbani, kwa hiyo degedege lolote kwa mtoto mwenye homa ni safari ya kwenda kituoni. Mlaze ubavu, msafishe mate, usimwekee kijiko wala kidole mdomoni, usimmiminie maji wala dawa, maana kitaingia kwenye mapafu. Moshi wa kinyesi cha tembo unamnyima hewa mtoto ambaye tayari anapumua kwa shida.

Kuna degedege lingine ambalo halitukuti, na wengi hawalijui. Macho yanaelekea upande mmoja na kubaki pale, mate yanatoka, kidole kimoja au pembe ya mdomo inacheza kidogo kidogo. Mama anaona mtoto ametulia, kumbe ubongo uko katikati ya degedege.

Degedege likiisha tunaangalia kama amezinduka. Mwaka 1989 madaktari Malcolm Molyneux na Terrie Taylor na wenzao wa Blantyre, Malawi, walichapisha kipimo rahisi cha fahamu za mtoto ambaye hajajua kuongea: anafuata uso wa mama yake kwa macho? Analiaje? Akifinywa, anajaribu kuondoa mkono unaomfinya? Alama ni 0 hadi 5. Mtoto aliyebaki na 2 au chini yake, saa moja baada ya degedege kuisha, ana vimelea vya falciparum kwenye damu na hana sababu nyingine inayoonekana, ndiye tunayesema ana malaria ya ubongo. Mtaani mnaita "malaria imempanda kichwani".

#4
Kisiki_cha_Mpingo

Mkuu, hapo kwenye kupanda kichwani. Hao wadudu wanaingia kabisa kwenye ubongo na kuula? Jirani yetu mtoto wake alipona lakini watu wanasema "wadudu wamemla ubongo".

#5
TabibuWodini

Hapana kaka, na tafadhali wasaidie kuacha kulisema mbele ya huyo mtoto. Kimelea hakitoki ndani ya mshipa wa damu. Kinabaki kimeshika ukuta wake, na madhara yanaanzia hapo.

Kwanza njia inakuwa nyembamba. Mishipa midogo ya ubongo ni myembamba kiasi kwamba chembe nyekundu inapita kwa kujikunja. Ukiweka chembe zilizokakamaa zilizoshika ukuta, nyingine haziwezi kupita, na oksijeni na sukari hazifiki.

Lakini kuziba peke yake hakutoshi kueleza kila kitu, kwa sababu watoto wengine wanazinduka ndani ya siku moja au mbili bila kasoro inayoonekana, jambo ambalo lisingewezekana kama sehemu kubwa ya ubongo ingekuwa imekufa. Kuna jambo lingine, na utafiti uliolifichua umetumia damu ya watoto wa Tanzania. Ile PfEMP1 siyo moja. Kila kimelea kina jeni kama 60 za kuitengenezea sura tofauti, na kinabadilisha ile inayotumika ili kinga ya mwili isikizoee. Mwaka 2012 na 2013 wanasayansi wa Copenhagen wakishirikiana na wenzao wa Tanzania waliona kwamba vimelea vya watoto wenye malaria kali vilielekea kutumia kundi fulani la PfEMP1, na kwamba kundi hilo linashika kitu kimoja hasa kwenye ukuta wa mshipa, kipokezi kinachoitwa EPCR. Kazi ya EPCR ni kuuhifadhi ukuta: damu isigande ovyo, ukuta usivuje. Kimelea kikikikalia, ulinzi huo unaondoka. Damu inaanza kuganda ndani ya vijishipa, ukuta unavuja, na maji yanaingia kwenye ubongo.

Ubongo unavimba, na fuvu halitanuki.

Blantyre walipopata mashine ya MRI, inayopiga picha ya ndani ya ubongo, waliliona hilo kwa macho. Ripoti yao ya 2015 ilihusu watoto 168 wenye malaria ya ubongo. Waliokufa walikuwa 25, na 21 kati yao walikuwa wamevimba sana ubongo tangu siku ya kulazwa. Kwa waliopona, waliovimba hivyo walikuwa kama robo tu. Ubongo uliovimba unasukumwa chini, unagandamiza sehemu inayoendesha pumzi, na mtoto anaacha kupumua wakati moyo bado unapiga. Nimeliona hilo wodini. Mama amemshika mkono, mapigo yapo, pumzi haipo.

#6
Mzee_wa_Urambo

Daktari, nakubaliana na mengi. Ila hospitali nazo kila homa ni malaria. Kuna mtoto wa ukoo wetu alitibiwa malaria siku tatu, kumbe ni uti wa mgongo. Hilo mnalisemaje?

#7
TabibuWodini

Mzee wangu shikamoo. Una haki ya kuuliza hilo.

Hao hao wa Blantyre walifanya uchunguzi wa maiti wa watoto 31 waliokufa wakiwa wametajwa kuwa na malaria ya ubongo, wakachapisha mwaka 2004. Watoto 7 kati yao walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine kabisa. Na hao walikuwa wameangaliwa na wataalamu waliobobea. Sababu yake ni kwamba kwenye maeneo yenye malaria nyingi, mtoto anaweza kuwa na vimelea kwenye damu bila kuugua kwa ajili ya vimelea hivyo. Kipimo kinasema kweli kwamba vipo, lakini hakisemi kwamba ndivyo vinavyomuua.

Kilichosaidia kutofautisha kilikuwa ndani ya jicho. Ukiangalia nyuma ya jicho la mtoto mwenye malaria ya ubongo ya kweli, utaona mabaka meupe, mishipa iliyobadilika rangi na vidonda vidogo vya damu, kwa sababu mishipa ya pale ni ndugu wa karibu wa mishipa ya ubongo. Vituo vyetu vingi havina kifaa wala mtu wa kukitumia.

Kwa hiyo, mzee, daktari akiomba kutoa maji ya uti wa mgongo, naomba familia isikatae kwa kuamini kwamba mtoto atapooza. Yanachukuliwa chini ya pale uti wenyewe unapoishia. Na mkiona mtoto wa malaria kali anachomwa antibayotiki pia, si wizi wa dawa. Malaria kali inafungulia bakteria njia ya kuingia kwenye damu, hasa jamii ya salmonela, na tukisubiri majibu tunaweza kuchelewa.

#8
Mwana_wa_Kilifi

Daktari, hujambo. Mimi natoka Kilifi, Kenya. Hapa kwetu kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na watoto wetu wamechangia sana kwenye elimu hii, kwa hiyo nafurahi kuiona ikielezwa kwa lugha yetu. Mamangu alikuwa akituambia, kwa mtoto mwenye homa angalia kifua kabla ya kuangalia joto. Alikuwa sawa?

#9
TabibuWodini

Sijambo ndugu yangu. Mama alikuwa sawa, na ushahidi umetoka hapo hapo kwenu.

Mwaka 1995 Kevin Marsh na wenzake walichapisha kazi ya Kilifi kuhusu watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria. Walikufa 64. Kati ya hao 64, watoto 54 walikuwa na fahamu zilizopungua, au pumzi ya shida, au vyote viwili. Vifo 84 kati ya kila 100 vilitokea ndani ya saa 24 za kulazwa. Naomba mlisome tena hilo la saa 24. Mtoto aliyefika akiwa tayari anahema hivyo anatuachia muda mdogo sana wa kufanya kazi.

Hiyo pumzi wengi wanaiita nimonia, na mara nyingine nimonia ipo kweli. Lakini mara nyingi mapafu ni mazima na tatizo ni asidi kwenye damu. Mishipa midogo ikiziba, seli zinakosa oksijeni na kuanza kuchoma sukari bila oksijeni, na zao lake ni asidi ya laktiki. Vimelea navyo vinakula sukari ya mtoto na kumwaga asidi hiyo hiyo. Ini na figo zilizopaswa kuiondoa nazo zimezidiwa. Mwili unabaki na njia moja: kupumua kwa kina na kwa haraka ili kuipunguza. Ukimwona mtoto mwenye homa anavuta pumzi ndefu, nzito, kama aliyetoka kukimbia, na yeye amelala, hiyo ni dharura hata kama thermometa inasoma 37.

Sukari inashuka kwa njia hiyo hiyo. Mtoto hajala, akiba ya ini imeisha, vimelea vinachota, na ini linashindwa kutengeneza nyingine. Ikishuka chini ya 2.2 (mmol/L) ubongo unazimika, na inaweza kuonekana ni malaria ya ubongo kumbe ni njaa ya ubongo. Tunampima kwanza, kisha tunampa glukosi kwenye mshipa, na wapo wanaofumbua macho sindano ikiwa bado mkononi mwangu. Kwa hiyo mkiwa njiani kuja, kama anaweza kunyonya au kumeza, mpeni maziwa au maji yenye sukari. Kama hajitambui, msimpe chochote mdomoni.

#10
Nyamizi_Tz

Sasa daktari mbona mkiletewa mtoto kama huyo mnachelewa kumpa dripu? Wiki iliyopita kwenye kituo kimoja nilishuhudia mama analia, mtoto amelegea, muuguzi anasema dripu la haraka hapana. Sisi tunajua dripu ndilo linaloamsha mtu.

#11
TabibuWodini

Dada Nyamizi, zamani nasi tulifundishwa hivyo: mtoto mikono baridi, mapigo dhaifu, mjaze maji haraka. Likawa linafanyika dunia nzima bila kujaribiwa sawasawa kwa watoto wa kwetu. Kathryn Maitland wa Kilifi na wenzake wa Kenya, Uganda na Tanzania, Muheza ikiwemo, wakalijaribu kwa watoto zaidi ya 3,100 waliofika mahututi na homa. Zaidi ya nusu walikuwa na malaria. Kundi moja lilipewa maji ya haraka, lingine likapewa ya kawaida ya polepole. Majibu yalitoka 2011: ndani ya saa 48, waliopewa ya haraka walikufa 10.5 kati ya kila mia, na wasiopewa 7.3. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake.

Ukikumbuka niliyoandika juu ya mishipa inayovuja na ubongo unaovimba, utaona kwa nini si salama kumimina maji haraka kwa mtoto kama huyo. Wako wanaohitaji maji, mfano aliyeharisha sana akakauka. Lakini muuguzi aliyesema hapana kwa mtoto mwenye malaria kali, inawezekana kabisa alikuwa anamwokoa. Kosa, kama lipo, ni kutomweleza mama yule. Hilo tunalo na linaniuma.

#12
Nyamizi_Tz

Nimekuelewa daktari, Mungu akubariki. Niongeze moja: mtoto wa dada yangu ana miezi 14, hana degedege wala nini, ila amekuwa mweupe na amechoka. Tunampa juisi ya rozela na supu ya matembele aongeze damu. Homa zinakuja na kuondoka.

#13
TabibuWodini

Dada, huyo apelekwe leo. Usisubiri kesho.

Malaria ina njia mbili za kumfikisha mtoto pabaya. Ile ya ubongo inakuja kwa kishindo na kila mtu anashtuka. Ya damu inakuja polepole, na kwenye maeneo yenye malaria mwaka mzima ndiyo inayowapata zaidi watoto wadogo, wa chini ya miaka miwili. Ya ubongo inaonekana zaidi kwa wakubwa kidogo, na kwenye maeneo ambako malaria inakuja kwa msimu.

Damu haiishi kwa sababu ya vimelea kupasua chembe walizomo tu. Chembe nyingi zaidi zisizo na kimelea chochote nazo zinaharibika na kuondolewa na bandama, ndiyo maana unaikuta imekua tumboni. Juu ya hayo, uboho wa mifupa unaotengeneza damu mpya unadumaa malaria ikiwepo. Unapoteza upande mmoja na hutengenezi upande mwingine. Ongeza minyoo na lishe duni. Homa ya kuja na kuondoka maana yake vimelea havikuisha, kila mzunguko unachota sehemu yake.

Rozela na matembele ni chakula kizuri na mtoto aendelee kula akishapona. Lakini HB, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikiwa chini ya 5 (g/dL), majani hayatafika kwa wakati. Angalia viganja na ndani ya kope. Kama ni vyeupe kabisa, na moyo unaenda mbio, anahitaji kuongezewa damu, na kaka au mjomba mmoja aongozane naye akijua kwamba huenda ataombwa kuchangia. Muulizeni pia daktari ampime selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi.

#14
Mwana_wa_Kilifi

Hapo kwenye selimundu tufafanulie. Nimesoma kwamba selimundu huzuia malaria.

#15
TabibuWodini

Inategemea amerithi kutoka kwa mzazi mmoja au wote wawili, na watu wanachanganya hapo kwa hatari kubwa. Mtoto aliyerithi jeni moja tu, hana ugonjwa, na ana kinga kubwa sana dhidi ya malaria kali. Anthony Allison, Mwingereza aliyekulia Kenya, alilionyesha hilo mwaka 1954 kwa kazi aliyoifanya Afrika Mashariki. Aliyerithi mbili ana ugonjwa wa selimundu wenyewe, na kwake malaria ni adui mbaya kuliko kwa mtoto mwingine yeyote, kwa sababu damu yake ilikuwa pungufu tangu mwanzo. Huyo apewe dawa za kinga kila siku bila kukosa.

Na kwenu Kilifi kuna kingine. Kama mtu mmoja kati ya kumi ana aina ya damu iitwayo Dantu. Mwaka 2020 ilionyeshwa kwamba ngozi ya chembe zake imekaza kuliko kawaida, kimelea kinashindwa kupenya.

Watoto wengine wote wanajijengea kinga kwa kuugua. Miezi michache ya kwanza wanalindwa na kinga ya mama na hemoglobini waliyozaliwa nayo. Kuanzia kama miezi sita ulinzi unapungua, na hapo hadi miaka mitano ndipo tunapowapoteza. Mwaka 2023 duniani walikufa watu 597,000 kwa malaria kwa makadirio ya WHO, 95 kati ya kila mia ni Afrika, na hapa Afrika robo tatu ya waliokufa ni watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa mwaka huo Kongo (DRC) na Tanzania zilikuwamo kwenye nchi nne za juu kwa vifo.

#16
Baba_Kasulu

Mimi niko kijijini, hospitali ya wilaya ni mbali na mvua zikinyesha gari halipiti. Mhudumu wa afya alitaja dawa ya kuweka njia ya haja kubwa. Inatosha? Na kwinini imeenda wapi? Halafu chanjo tunasikia tu.

#17
TabibuWodini

Kaka, hiyo ni artesunate ya kuweka njia ya haja kubwa, kwa watoto wa chini ya miaka sita wasioweza kumeza au wanaotapika kila kitu. Inashusha vimelea haraka na kumnunulia muda wa safari. Haimponyi. Akionekana amechangamka baada ya kuwekewa, wengi wanaghairi safari, na hapo ndipo anaporudiwa. Dawa iwekwe na safari ianze, hata kama ni kwa pikipiki.

Hospitali anachomwa artesunate ya sindano: akifika, baada ya saa 12, na baada ya saa 24, angalau mara tatu. Kwinini iliachwa kuwa ya kwanza kwa sababu ya jaribio kubwa lililotoka 2010, watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo zikiwemo. Kwa kwinini walikufa 10.9 kati ya kila mia, kwa artesunate 8.5. Sababu iko kwenye ule mzunguko wa saa 48. Kwinini inaua zaidi vimelea vilivyokwisha kukomaa na kushika ukuta. Artesunate inaviua hata vichanga, vikiwa bado vinazunguka, kabla havijashika. Tena kwinini inaweza kushusha sukari.

Chanjo zipo mbili, RTS,S iliyopendekezwa na WHO 2021, na R21 ya 2023. RTS,S ilijaribiwa pia Bagamoyo na Korogwe, na Kenya ilianza kuitoa 2019. Zinapunguza malaria kali, hazifuti. Chandarua kinabaki pale pale.

#18
mama_Neema

Daktari samahani nakurudisha nyuma. Mtoto akiruhusiwa kutoka wodini, niangalie nini nyumbani? Na mtoto wa jirani wa Kisiki, kuna tumaini?

#19
TabibuWodini

Hakuna samahani, dada.

Kwanza, sindano zikiisha lazima apewe dawa mseto ya kumeza, siku tatu kamili. Sindano inashusha haraka lakini haikai mwilini, na mseto ndio unaomalizia. Dozi ikikatishwa kwa sababu mtoto amepona, malaria inarudi. Pili, wiki ya pili na ya tatu angalia rangi yake na mkojo. Baadhi ya waliotibiwa kwa artesunate, hasa waliokuwa na vimelea vingi, damu inashuka tena baada ya siku kadhaa. Akiwa mweupe au mkojo ukawa mweusi kama kahawa, mrudishe. Tatu, usishtuke kipimo cha haraka kikisoma malaria wiki mbili baadaye akiwa mzima. Kipimo kile kinanusa protini ya kimelea, na protini inabaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kimelea kufa. Akiwa na homa tena, omba slaidi.

Kuhusu mtoto wa jirani: Kampala waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo, na baada ya miaka miwili kama mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu kwenye kukumbuka, kujifunza au kuwa makini. Wengine wanapata kifafa miezi mingi baadaye, wachache uziwi au udhaifu wa upande mmoja. Watatu kati ya wanne hawakuwa na upungufu huo, kwa hiyo tumaini lipo kubwa. Lakini mwalimu wake aambiwe. Mtoto akianza kusahau herufi alizozijua, au akiwa mgumu wa kusikia, au akiduwaa ghafla katikati ya mazungumzo, asichapwe kwa uvivu. Apelekwe apimwe masikio, na kama ni kifafa dawa zipo. Kisiki, ukipata nafasi mwambie mama yake aje na kadi ya kliniki pamoja na karatasi za kulazwa, hata kama zimechanika, maana tukijua alikaa muda gani bila fahamu na degedege lilirudi mara ngapi tunajua pa kuanzia.